Ziwani na Baba Mkwe

Inosenti alikuwa amepanga kwenda peke yake. Hilo ndilo alilotaka lieleweke tangu mwanzo, na ndilo alilolirudia moyoni njia nzima, kutoka Karatu mpaka mwambao wa Ziwa Eyasi.

Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni kwa baiskeli. Kambi moja pale mjini ilikuwa na baiskeli za kukodisha, naye ndiye aliyewazungusha watalii kwenye mashamba ya kahawa na vijia vya pembeni ya msitu, wakitoka asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Sasa kuna wageni walikuwa wameomba kitu kikubwa zaidi: siku kadhaa kando ya ziwa, mchana wakiendesha, jioni wakipiga mahema popote wanapopapenda. Mwenye kambi alimwuliza kama njia ipo. Inosenti akajibu ipo, tena kwa sauti ya mtu anayeijua. Hakuwa anaijua. Ilibidi aende akaipite mwenyewe kwanza, kuliko kuja kuumbuka mbele ya watu waliotoka mbali.

"Nenda na baba," alisema Rahel, mkewe, huku akikunja nguo za mtoto wao, Martha.

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Kwani humu ndani kuna baba wangapi?"

Inosenti alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Mzee Tluway alikuwa ameletwa kutoka kijijini kwake Qurus baada ya mavuno ya mahindi, aje atibiwe goti. Goti likapona. Mvua zikaja, zikaisha, mzee bado yupo. Kiti chake kilikuwa mlangoni, na kutoka pale alikuwa na la kusema juu ya kila kitu kilichopita: uzio umeegemea, geti linafunguliwa vibaya, ng'ombe anakamuliwa kwa pupa, baiskeli zinaoshwa kwa maji mengi mno. Ila kwa kuwa mkwe na baba mkwe wana adabu zao, hakuwahi kumwambia Inosenti uso kwa uso. "Rahel, mwambie baba Martha ule mti ataukata lini," alisema, na baba Martha mwenyewe amesimama hapo hapo na panga mkononi. "Rahel, mwambie baba nitaukata Jumamosi," Inosenti naye alijibu. Hivyo ndivyo walivyoishi.

"Baba alifanya kazi Mang'ola ujanani," Rahel aliendelea. "Ziwa lote analijua. Halafu daktari alisema goti linataka baiskeli. Na anatamani sana kwenda, basi tu anaona aibu kukuomba."

Sasa mtu anamkataaje baba mkwe? Inosenti alitafuta sababu moja baada ya nyingine, na kila aliyoipata ilisikika kama tusi kabla hata haijatoka mdomoni. Mwisho akameza mate, akasema sawa.

Siku ya kuondoka, mzee alikuwa tayari uani kabla jua halijatoka. Amevaa koti lake la sufi, lile la kwendea kanisani, na kofia ya pama. Baiskeli yake nyeusi ya zamani ilikuwa imefungwa mzigo mpaka haionekani tairi la nyuma: mkeka, sufuria, dumu la maji, mwavuli, shoka, gunia la viazi vitamu, na juu ya yote, jogoo hai aliyefungwa miguu, akiangalia dunia kichwa chini.

"Baba," Inosenti alisema kwa upole wote aliokuwa nao, "chakula nimebeba. Na jiko dogo la gesi ninalo."

Mzee alimgeukia binti yake. "Rahel, mwambie baba Martha safari haina chakula cha kutosha."

Rahel alikuwa amejifunika khanga mdomoni. "Mwambie mwenyewe, baba. Mimi siji huko."

Wakaondoka. Kwenye lami mambo hayakuwa mabaya, isipokuwa kwamba mzee alisalimia kila mtu. Hakusalimia kama watu wanaopita wanavyosalimia. Alisimama, akashuka, akaegemeza baiskeli, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za mifugo na za yule mgonjwa. Inosenti alikuwa anatangulia, anageuka, anaona barabara tupu, anarudi. Mpaka wanafika Njia Panda, pale pa kuiacha lami na kushika barabara ya vumbi kwenda Mang'ola, jua lilikuwa limeshakuwa kali, na yeye alikuwa ameiendesha njia hiyo mara mbili.

Kisha kulikuwa na lile swali. Wa kwanza kuliuliza alikuwa mama mmoja mwenye ndizi kichwani.

"Poleni! Gari limewaharibikia?"

"Hapana, mama, tunatembea tu," Inosenti alijibu. "Tunaenda ziwani."

Mama aliitazama ile mizigo, akamtazama mzee mwenye koti la sufi kwenye joto lile, akatikisa kichwa. "Poleni sana," akasema tena, na safari hii ilitoka moyoni.

Kila waliyekutana naye aliuliza vile vile. Mwenye pikipiki alijitolea kumrudisha mzee mjini. Mwalimu mmoja alitaka kupiga simu kwa fundi wa magari. Inosenti alijaribu kueleza utalii, mazoezi, mandhari, na kila alipoeleza watu walizidi kumwonea huruma baba mkwe wake. Mzee naye akachoka na maelezo hayo, akaanza kujibu kwa njia yake.

"Gari limewaharibikia, mzee?"

"Hapana. Huyu ni mkwe wangu. Hana gari."

Inosenti alisikia masikio yanawaka moto. Alikanyaga pedeli bila kugeuka nyuma.

Mteremko wa kushukia bonde la ziwa ndio uliotaka kumtoa Inosenti roho. Barabara ilikuwa na makorongo ya mvua na kokoto zinazoviringika, na breki za ile baiskeli nyeusi zilikuwa kama hazipo. Mzee alizisaidia kwa kukanyagia soli ya kiatu kwenye tairi la mbele. Inosenti alimsihi ashuke, wasukume. Mzee alisema mteremko huu aliushuka Inosenti akiwa hajazaliwa. Alisema na mengine, lakini hayakusikika, maana alikuwa ameshaanza kwenda. Alimpita mkwe wake, koti likipepea na jogoo akipiga kelele, akapotea kwenye kona ndani ya vumbi lake mwenyewe. Inosenti alimfuata huku akiomba kwa sauti. Alimkuta chini, amekaa kwenye mchanga laini pembeni ya barabara, kofia ingali kichwani, viazi vimetapakaa kama mavuno.

"Umeumia, baba?"

"Mchanga huu haukuwepo," mzee alisema.

Jogoo alikuwa amekata kamba. Walimkimbiza kwenye miiba mpaka Inosenti akachana suruali, na jioni, walipopiga kambi chini ya migunga karibu na kijiji cha Barazani, walimla. Mzee hakutaka kusikia habari ya jiko la gesi. Alitaka mafiga na kuni, na kuni zikamchukua muda mrefu kuzikata kuliko jogoo alivyochukua kuiva. Halafu likaja suala la hema. Lilikuwa moja, la watu wawili. Mzee alilizunguka, akachungulia ndani, akasema hawezi kulala chumba kimoja na mkwe. Mkeka wake ulikuwepo, ila koti peke yake lisingetosha kwa baridi ya alfajiri. Basi akaingia yeye hemani. Inosenti alilala nje kwenye mkeka, akiliwa na mbu wa mifereji ya mashamba ya vitunguu, akisikiliza hema lake jipya likikoroma.

Asubuhi alikuwa na uso uliovimba na hasira zilizovimba zaidi, lakini alimsalimia mzee vizuri, akachemsha chai, akatoa ramani kwenye simu. Ramani ilionyesha barabara ya kuzunguka mashamba ndipo uteremke ziwani.

"Huko ni mbali bure," mzee alisema. "Kuna njia ya mkato. Tulikuwa tunapitisha punda na vitunguu. Inakutoa moja kwa moja majini."

"Baba, ni zamani hiyo. Labda imebadilika."

"Njia haibadiliki. Watu ndio wanabadilika."

Njia ya mkato iliwatoa moja kwa moja katikati ya shamba la vitunguu. Kushoto vitunguu, kulia vitunguu, mbele mfereji, na nyuma ya mfereji ule mfereji mwingine. Vibarua walikuwa wameinama kwenye majaruba wakipandikiza miche. Msimamizi wao, mama wa makamo kutoka Singida aliyeitwa Penina, alijinyoosha mgongo akawaangalia wakija na baiskeli mabegani.

"Poleni. Gari limewaharibikia?"

Inosenti alifumba macho. Mzee ndiye aliyejibu. "Tunafuata njia ya ziwani. Inapita hapa."

"Hapa? Baba, mimi nimekuja hapa nikiwa msichana, sasa nina wajukuu. Njia hiyo sijawahi kuiona."

"Ipo. Ilikuwa na mkoche mkubwa pembeni."

"Mkoche haupo."

"Basi umekatwa. Lakini njia ipo."

Walibishana pale, mmoja kasimama kwenye maji, mwingine kwenye tuta, juu ya njia ambayo mmoja hakuwahi kuiona na mwingine hakuweza kuionyesha. Vibarua waliacha kazi wakasikiliza. Inosenti alisimama katikati na baiskeli begani, maji ya mfereji yakiingia viatuni, akisema "baba, tafadhali" na "mama, samahani" kwa zamu. Ilibidi wavuke mfereji baada ya mfereji, wakirudi kuchukua mizigo na kwenda tena. Walipotoka upande wa pili mchana ulikuwa umefika, na ile barabara ya kwenye ramani ilikuwa pale pale, nyeupe, imenyooka, haina mtu.

Mzee aliitazama. "Unaona?" alisema. "Tumefika."

Inosenti alikuwa anahesabu pumzi.

Hatimaye ziwa likaonekana. Lilikuwa limelala pana chini ya lile genge refu la upande wa pili, genge la rangi ya zambarau, na maji yake yaling'aa mpaka ukayakunjia uso. Kati yao na maji kulikuwa na uwanda mweupe wa magadi uliokauka juu ukawa na ganda la kupasuka-pasuka. Mbali huko mbele, ndege waitwao heroe walikuwa wamesimama kwa mamia, kama mstari wa rangi ya waridi uliochorwa kwa mkono. Inosenti alisahau mbu na mifereji kwa dakika nzima. Hapa ndipo, alijiwazia. Hapa wageni watasimama na kutoa kamera. Upande wa kulia, juu kidogo, kulikuwa na kijia kigumu kilichopita kwenye mikoche. Alianza kugeuza usukani kuelekea huko.

"Siyo huko," mzee alisema nyuma yake. "Tunakata hapa katikati."

"Baba, hapo panazama."

"Nimepita hapa na punda."

"Ziwa linapanda na kushuka, baba. Chini ya hilo ganda kuna tope."

"Ziwa ni ziwa," mzee alisema, akapanda baiskeli, akaenda.

Alikwenda vizuri kwa kitambo, na Inosenti akaanza kuona aibu. Kisha tairi la mbele likakata ganda kama kisu kwenye uji ulioganda, baiskeli ikasimama wima, ikazama mpaka kwenye ekseli, na mzee akabaki ameikalia katikati ya weupe ule, miguu yote miwili imemezwa na tope jeusi linalonuka.

Inosenti alimfuata kwa miguu. Kila hatua ilimla zaidi. Kiatu kimoja kilibaki chini na hakikurudi. Alipomfikia mzee, tope likiwa magotini, alishika baiskeli, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Siyo hivyo," mzee alisema. "Vuta kwa huku."

Inosenti akavuta kwa huku.

"Shika keria. Keria! Siyo siti. Unavuta kama mtu anayekamua. Kwanza ungefungua mzigo. Kule nyumbani nilimwambia Rahel, huyu kijana..."

"Nyamaza!"

Neno lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na likavuta wenzake.

"Nyamaza, mzee! Tangu Karatu hujafunga mdomo! Njia huijui, ziwa hulijui, breki huna, kichwa kigumu kama jiwe, na bado unaongea! Umezama mpaka magotini na bado unaongea!"

Kule mbele heroe waliruka wote kwa pamoja. Mabawa yao yalisikika kwa muda mrefu, kisha hata hayo yakatulia.

Mzee Tluway alikuwa anamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana machoni tangu siku ya harusi. Mtu hamwambii baba mkwe wake hivyo. Hamwambii hata akiwa amelewa. Mambo kama haya huitishiwa kikao, na watu wakayasimulia mpaka wajukuu wakayajua.

"Umemaliza?" mzee aliuliza.

"Nimemaliza. Baba, naomba unisamehe, mimi..."

"Vuta basi."

Walivuta. Baiskeli ikatoka, wao wakatoka, wakajikokota mpaka kwenye mikoche wakiwa weusi kiunoni kwenda chini. Inosenti aliomba msamaha tena. Mzee alipangusa kofia yake kwa kiwiko.

"Msamaha wa mkwe haupokelewi porini," alisema. "Unapokelewa nyumbani, mbele ya watu."

Baada ya hapo mzee akawa mtiifu, na utiifu wake ulikuwa mbaya kuliko ubishi wake wote. Hakusema neno bila kuulizwa. Aliuliza kama anaruhusiwa kunywa maji. Aliuliza kama moto autie kuni mbili au tatu. Inosenti alipomwuliza kambi waiweke wapi, alijibu, "Utakavyoamua wewe." Alipomwuliza anapenda chai au uji, alijibu hivyo hivyo. Walipokutana na Wadatoga wawili na ng'ombe wao, nao wakauliza kama gari limewaharibikia, mzee alisema, "Mwulizeni huyu. Mimi nafuata tu." Inosenti alijikuta anatamani, kwa moyo wake wote, asikie kwamba anaendesha vibaya.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa zamu yake kuongoza, na aliongoza kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana hakukosea. Kijia cha kwenye mikoche kiligawanyika. Simu haikuwa na mtandao. Alichagua mkono wa kushoto, kwa sababu ulielekea ziwani, na mzee akamfuata bila neno. Mkono wa kushoto uliwaingiza kwenye kichaka cha miiba myeupe, ile mirefu kama sindano za kushonea magunia. Pancha ya kwanza aliiziba. Ya pili aliiziba. Ya tatu na ya nne zilikuja pamoja, moja kwake, moja kwa mzee, na alipofungua solusheni, ile gundi ya kuzibia, akaikuta imekauka ndani ya tyubu yake kama ubani.

Aliigonga kwenye jiwe. Aliikamua kwa meno. Kisha akaitupa kwa nguvu zote na kukaa chini kwenye vumbi, kiatu kimoja mguuni, mguu wa pili umefungwa tambara.

Mzee alikaa pia, upande wa pili wa kivuli cha mkoche.

"Sema kitu," Inosenti alisema mwishowe. "Baba, nakuomba. Sema nimekosea njia. Nimekosea, si nimekosea?"

"Umekosea," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilikuwa na uhai kidogo. "Ulipokwenda kushoto niliona kabisa huyu amekosea. Ila mimi nimeambiwa ninyamaze."

"Sasa kwa nini ulitaka kuja? Kama ni kunitesa, ungenitesea nyumbani."

"Nani alitaka kuja?"

"Wewe. Rahel alisema unatamani sana, ila unaona aibu kuniomba."

Mzee aligeuka mwili mzima. "Mimi? Mimi nitamani kuja huku kwenye joto hili, na goti hili? Rahel ndiye aliyekuja kwangu. Akasema, 'Baba, Inosenti anaogopa kwenda porini peke yake, ila anaona aibu kukuomba.' Nikasema kijana wa watu ataliwa na fisi, mwanangu abaki mjane. Ndiyo maana nikabeba shoka."

Walitazamana tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Ameniambia maneno hayo hayo," Inosenti alisema.

"Huyo mtoto," mzee alisema polepole, "tangu mdogo ni mwongo wa namna hiyo."

"Siku ya kuondoka alikuwa amejiziba mdomo na khanga!"

"Pale uani! Nilimwona! Nikadhani analia, anaagana na mumewe!"

Mzee alianza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda mabegani, na Inosenti akashindwa kujizuia. Walimsema Rahel pale chini ya mkoche kwa muda mrefu na kwa raha isiyo kifani. Mzee alieleza Rahel alivyokuwa akiwagombanisha kaka zake ili apate vipande vyao vya kuku. Inosenti alieleza mkewe alivyomfanya anunue kabati. Kila mmoja alikuwa na mashitaka ambayo hakuwa na wa kumpelekea, na sasa amepatikana.

Walipochoka kucheka, Inosenti aliuliza lile ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza nyumbani.

"Baba, goti limepona siku nyingi. Qurus kuna nini hasa?"

Mzee alichora mchangani kwa kijiti. "Kule Qurus hakuna kitu. Tangu mama yake Rahel atutoke, nyumba imekaa tu. Naamka, nasema uzio umeegemea. Uzio kweli umeegemea. Lakini hakuna anayekasirika." Akakifuta alichochora. "Kwako nikisema, naona shingo yako inavimba. Basi najua nimesikika."

Inosenti alijaribu kukumbuka mara ngapi shingo yake ilivimba tangu mavuno, na akaona aibu kwamba mtu alikuwa akiitegemea.

"Twende majini," mzee alisema, akainuka kwa kushikilia goti. "Jana sikufika ziwani. Nilifika matopeni."

Waliacha mizigo pale, wakatembea. Upande ule ufuko ulikuwa wa changarawe ngumu, na maji yalikuja mpaka miguuni, ya uvuguvugu, yakiacha povu jeupe. Heroe walikuwa wamerudi. Mwari mmoja, ndege wa mdomo mkubwa, alipita chini chini, mzito, kama mtu mnene anayejaribu kukimbia. Mzee alivua viatu na koti, akavikunja vizuri juu ya jiwe, akaingia mpaka magotini. Akachota maji kwa viganja, akanawa uso, akatema mate kwa nguvu.

"Chumvi!" alipiga kelele. "Waambie wageni wako wasinawe hapa!"

"Nitawaambia, baba."

"Na njia usiwapitishe kushoto!"

"Sitawapitisha."

"Na ununue gundi mpya!"

Inosenti alihisi shingo ikianza kuvimba. Aliiacha ivimbe.

Walisukuma baiskeli mpaka barabarani, na mchana lori la vitunguu likawakuta. Dereva alitoa kichwa dirishani, akawaangalia: tope lililokauka, tairi zilizolala, mguu wa tambara.

"Poleni! Gari limewaharibikia?"

"Limeharibika," mkwe na baba mkwe walijibu kwa pamoja, na kabla dereva hajamaliza kushangaa walikuwa wameshaanza kupandisha baiskeli juu ya magunia.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya misa. Mzee Tluway alimwita mdogo wake, Hilary, atoke Qurus, kwa sababu jambo la namna ile halisikilizwi na mtu mmoja. Hilary alikaa kwenye kiti kikubwa, mikono juu ya fimbo, akamtaka Inosenti aseme mwenyewe alichosema ziwani, neno kwa neno. Inosenti alikiri yote, macho chini. Alipofika kwenye kichwa kigumu kama jiwe, Hilary alipatwa na kikohozi cha ghafla na kutoka nje kidogo. Aliporudi alisema mkwe apige magoti, aombe radhi. Inosenti akapiga magoti, akaomba radhi, na mzee akamwekea mkono kichwani.

"Yamekwisha," alisema. "Sasa huyu mwingine."

Rahel alikuwa anapitisha chai. Alisimama na birika mkononi.

"Mimi nimefanya nini?"

"Kaa chini," walisema baba yake na mumewe.

Alikaa, lakini hakuomba radhi. "Tangu mavuno," alisema, na sauti yake ilipanda, "tangu mavuno mimi ni simu. Mwambie baba, mwambie baba Martha, mwambie baba, mwambie baba Martha! Ninyi mnakaa meza moja! Nimepika ugali ukaungua nikipeleka ujumbe kutoka kiti hiki kwenda kiti kile. Nilikuwa nakaribia kukimbia nyumba yangu mwenyewe. Nikasema bora niwafungie njiani pamoja, wapigane, wauane, watajuana wenyewe."

Hilary alimtazama kaka yake, akamtazama mkwe. Aliamua kwamba binti hana kesi, akaomba sukari zaidi.

Mzee Tluway alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa nimeanza kufikiria kurudi," alisema, akimgeukia Inosenti moja kwa moja, bila kumpitia mtu. "Nilisema moyoni, hapa ni kwa watu, simjui huyu kijana, labda namchosha. Lakini sasa umeshanifokea, na mimi nimeshakusamehe. Hatuna tena la kuoneana haya." Akajinyoosha kwenye kiti, akaweka sawa goti lake. "Kwa hiyo nitabaki mpaka mavuno mengine. Halafu lile geti, baba Martha, kwa nini unalifungua namna ile?"